Uzi: Kukadiria kwa tanjenti, na swali ambalo wengi hatuulizi: kosa lina ukubwa gani?

Mleta uzi

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Uzi huu nimewaletea wanaoanza kalkulasi, wawe kidato cha tano na cha sita au mwaka wa kwanza chuoni, pamoja na yeyote aliyewahi kukariri kanuni ya kukadiria kwa tanjenti, akaitumia kwenye mtihani, akapata alama zake, na hadi leo hajui ilikuwa inafanya nini. Hoja yangu ni moja: kadirio lisiloambatana na ukubwa wa kosa lake ni nusu ya jibu, na nusu inayoachwa ndiyo iliyobeba hisabati yenyewe.

Kanuni ni hii:

f(x) ≈ f(a) + f′(a)(x − a)

Hapa a ni nukta tunayoifahamu vizuri, f(a) ni thamani ya funksheni pale, na f′(a) ni kinyambuo chake, yaani mteremko wa grafu kwenye nukta hiyo. Upande wa kulia ni mlinganyo wa mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta ileile ukiwa na mteremko uleule wa grafu, na mstari huo ndio tanjenti. Tunaiacha grafu iliyopinda na kuufuata mstari, kwa sababu kwenye mstari kazi yote ni kuzidisha mara moja na kujumlisha mara moja.

Tuchukue kipeuo cha pili cha 50. Jirani yake tunayemfahamu ni 49, ambaye kipeuo chake ni 7. Kinyambuo cha √x ni 1/(2√x), kwa hiyo mteremko penye 49 ni 1/14. Kutoka 49 hadi 50 ni hatua ya 1, basi √50 ≈ 7 + 1/14 = 7.07143. Thamani halisi ni 7.07107. Hapa ndipo masomo mengi huishia: mwanafunzi anafurahi kwamba tarakimu zinafanana, anapiga mstari chini ya jibu, anahamia swali linalofuata.

Mimi naomba tubaki hapahapa. Kwa mstari uleule uliochorwa penye 49, tukadirie √52. Tunapata 7 + 3/14 = 7.21429, na thamani halisi ni 7.21110. Kosa la kwanza lilikuwa 0.00036 na hili la pili ni 0.00318, ambalo ni karibu mara 9 ya lile la kwanza. Umbali tumeuongeza mara 3, kosa limeongezeka takribani mara 9. Tukienda hadi 60, yaani hatua 11 kutoka 49, mstari unatupa 7.7857 ilhali thamani halisi ni 7.7460, na kosa limekuwa 0.0397. Kwa 60 ilitupasa tuhame makazi na kwenda kwa jirani wa upande wa pili, 64, ambako hesabu ni 8 − 4/16 = 7.75, na kosa linashuka hadi 0.004.

Kinachoonekana kwenye tarakimu hizi kina uthibitisho. Ikiwa kinyambuo cha pili, yaani kinyambuo cha kinyambuo, hakizidi M kwa ukubwa mahali popote kati ya a na x, basi kosa halizidi (M/2)(x − a)². Kwa √x, ukubwa wa kinyambuo cha pili penye 49 ni 1/1372, na kuanzia hapo unapungua kadiri x inavyokua, kwa hiyo kosa la √50 haliwezi kuzidi 1/2744, yaani 0.000364. Kosa halisi ni 0.000361. Tazameni jinsi kikomo hicho kilivyolibana jibu, na kumbukeni kwamba tulikipata bila kuijua thamani halisi ya √50. Mwenye kikomo hiki mkononi hahitaji kikokotoo cha kumthibitishia.

Kinyambuo cha pili kina habari nyingine pia. Kwa √x ni hasi, maana yake grafu inazidi kujikunja kwenda chini, na tanjenti yake hukaa juu ya grafu kila mahali. Ndiyo maana makadirio yetu yote, 7.07143, 7.21429, 7.7857 na 7.75, yamezidi thamani halisi. Kwa hiyo tunajua kosa lina ukubwa gani na liko upande gani, kabla hatujagusa kitufe chochote.

Kwa wanaodhani haya yote yalianza Ulaya: Heron wa Alexandria, nchini Misri, katika karne ya 1 Baada ya Kristo, alionyesha jinsi ya kukadiria kipeuo cha pili cha 720. Alichukua 27, kwa kuwa 27 mara 27 ni 729, akagawanya 720 kwa 27 akapata 26 na 2/3, akajumlisha na 27, akachukua nusu, akapata 26 na 5/6. Sasa tumia tanjenti ya √x penye 729: 27 − 9/54 = 27 − 1/6 = 26 na 5/6. Ni jibu lilelile hadi kwenye sehemu, ilhali vinyambuo vilikuwa bado karne kumi na sita mbele. Heron pia alisema kwamba mraba wa jibu lake unaizidi 720 kwa 1/36, na kwamba anayetaka ukaribu zaidi arudie kazi ileile akianzia na jibu jipya. Hiyo 1/36 imetoka wapi? Fungua mabano: (27 − 1/6)² = 729 − 9 + 1/36. Tanjenti imezishika 729 na −9, ikaiacha 1/36, ambayo ni mraba wa hatua ndogo. Kuanzia Heron hadi leo, kinachotupwa ni kilekile.

Karibuni kwa maswali.

Mwanafunzi wa kidato cha sita

Shikamoo mwalimu. Nina maswali mawili. La kwanza, kikokotoo kinatoa √50 kwa sekunde moja hadi tarakimu kumi, sasa kazi yote hii ni ya nini? La pili, tulifundishwa kwamba tanjenti ni mstari unaogusa mahali pamoja tu, lakini kwenye baadhi ya grafu naona tanjenti inaikata grafu tena mbele. Hiyo bado ni tanjenti?

Mleta uzi

Marahaba. Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo linalowavuruga wengi. Kugusa mahali pamoja tu ni sifa ya tanjenti za duara, na tuliizoea tangu jiometri ya sekondari. Kwenye kalkulasi sifa hiyo haina nafasi. Chukua y = x³ penye x = 1. Mteremko ni 3, kwa hiyo tanjenti ni y = 3x − 2. Sasa tafuta mahali inapokutana na grafu: x³ − 3x + 2 = 0, na upande wa kushoto unagawanyika kuwa (x − 1)²(x + 2). Inakutana nayo penye 1, halafu inaikata tena penye −2. Kinachoifanya kuwa tanjenti ni ule mraba kwenye (x − 1). Tofauti kati ya grafu na mstari, ukiwa karibu na 1, inapungua kama mraba wa umbali, ilhali penye −2 tofauti inapungua kwa uwiano wa kawaida tu na umbali, kama mistari miwili yoyote inayopishana.

Kuhusu kikokotoo, ni kweli kwamba siku hizi hakuna anayehitaji tanjenti ili apate √50. Namba hii nimeitumia kwa sababu jibu lake linaweza kukaguliwa. Thamani ya njia inaonekana pale ambapo huna namba ya kubonyeza, ama kwa sababu funksheni yenyewe huijui na umepewa mteremko wake tu, ama kwa sababu unataka kujua kipimo kikikosewa kidogo jibu litakosewa kiasi gani. Hata vile vitabu vya majedwali ya tarakimu nne tulivyotumia shuleni, na safu yake ya tofauti upande wa kulia, vilisimama juu ya wazo lilelile kwamba grafu yoyote laini, ukiitazama kwa karibu, inanyooka. Tofauti ni kwamba kule mstari uliunganisha nukta mbili za jedwali, na hapa tunatumia nukta moja na mteremko wake.

Fundi wa matanki

Hapo kwenye kipimo kukosewa mmenigusa. Natengeneza matanki ya duara. Nikipima nusu kipenyo nikapata sentimita 70, lakini utepe unaweza kuwa umenidanganya kwa sentimita 1, kimo kikiwa sentimita 150, ujazo unaweza kukosewa kwa kiasi gani?

Mleta uzi

Swali zuri, fundi. Ujazo ni V = πr²h. Ukikishikilia kimo, kinyambuo kwa r ni 2πrh, na kwa tarakimu zako hiyo ni 2π × 70 × 150, karibu 65,970. Kwa kosa la sentimita 1 tunapata sentimita za ujazo 65,970, yaani karibu lita 66, katika tanki la karibu lita 2,309. Ukifanya hesabu kamili ukitumia 71 badala ya 70, tofauti ni lita 66.4. Tanjenti imekosea kwa chini ya nusu lita.

Tazama pia 2πrh ni nini: ni eneo la ukuta wa tanki. Kuongeza sentimita 1 kwenye nusu kipenyo ni kama kulivika tanki ngozi ya unene wa sentimita 1, na ujazo wa ngozi hiyo ni eneo la ukuta mara unene. Ile nusu lita tuliyoiacha inatokana na ngozi kuwa na mzunguko mkubwa zaidi upande wa nje kuliko wa ndani. Kwa asilimia, kosa la nusu kipenyo ni 1/70 na la ujazo ni karibu maradufu yake, 2/70, kwa sababu r iko kwenye kipeo cha 2.

Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo

Nami niongeze la kwetu, maana hapa pana watu wanaumia. Wanachama wengi wanapoambiwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi huzidisha kwa 12 na kusema asilimia 18 kwa mwaka. Endapo riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni kila mwezi, hesabu sahihi ni 1.015 kwa kipeo cha 12, ambayo ni 1.1956, yaani asilimia 19.56. Tofauti ipo, lakini mtu anaweza kuivumilia. Shida ni pale wanapobeba mazoea hayohayo hadi kwenye mikopo ya haraka ya asilimia 10 kwa mwezi. Wanasema 120 kwa mwaka. Shilingi 100,000 isiyolipwa kwa mwaka mzima, riba ikipanda juu ya riba, inakuwa 313,843, ilhali mkopaji alijiandaa kwa 220,000.

Mleta uzi

Ahsante sana, mhasibu, mfano wako ni bora kuliko wangu. Kuzidisha kwa 12 ndiyo tanjenti yenyewe: funksheni ni (1 + r)¹², nukta tunayoifahamu ni r = 0, mteremko pale ni 12, na kadirio ni 1 + 12r. Kinyambuo cha pili ni chanya, kwa hiyo hapa tanjenti iko chini ya grafu, na mkopaji anayeitumia daima atalidharau deni, hawezi hata mara moja kukosea kwa kulikuza. Ukifungua mabano, kipande cha kwanza kinachoachwa ni 66r². Kwa r = 0.015 hicho ni karibu 0.0149, na ukikirudisha unapata asilimia 19.49, karibu sana na 19.56. Kwa r = 0.1 kipande hicho peke yake ni 0.66, na hata ukikirudisha unafika asilimia 186, ungali mbali na 213.8. Maana yake 0.1 haiko karibu na sifuri kwa funksheni hii, ingawa kwa macho ni namba ndogo. Ukaribu haupimwi kwa umbali peke yake, unapimwa pamoja na jinsi grafu inavyopinda mahali hapo.

Mwalimu wa fizikia

Kwenye somo langu tanjenti tunaitumia kila mwaka katika jaribio la pendula, na wanafunzi hawatambui. Kanuni ya muda wa mzunguko, T = 2π√(L/g), ambapo L ni urefu wa pendula na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, inapatikana kwa kuandika θ, yaani pembe ya kuivuta pendula, badala ya sin θ, na huo ndio mstari tanjenti wa sin penye sifuri. Kwa nyuzi 5 tofauti kati ya θ na sin θ ni kama asilimia 0.13. Kwa nyuzi 20 ni asilimia 2, lakini muda wa mzunguko unakosewa kwa chini ya asilimia 1. Nawaambia wasiivute pendula mbali, nao huniuliza mbali ni wapi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mwanafunzi kuandika sin θ ≈ θ huku θ ikiwa kwenye nyuzi. Anapata sin ya nyuzi 1 ni 1. Kanuni hiyo ni ya radiani peke yake, kipimo cha pembe ambacho nyuzi 180 ni π, kwa kuwa ni kwenye radiani tu mteremko wa sin penye sifuri ni 1. Kwa nyuzi mteremko ni π/180, karibu 0.01745.

Mleta uzi

Nikazie jambo moja, mwalimu. Kinyambuo cha pili cha sin penye sifuri ni sifuri, na ndiyo sababu tanjenti hii ina adabu kuliko zile za √x. Kosa lake ni karibu θ³/6, kwa hiyo ukiipunguza pembe kwa nusu kosa linapungua mara 8 badala ya mara 4. Wanaokuuliza mbali ni wapi wanastahili jibu la namba, nalo linatoka kwenye θ³/6: waseme wanavumilia kosa gani, ndipo utawaambia wavute hadi wapi.

Mchangiaji mwingine

Naomba kupinga kidogo. Huwa tunaambiwa tanjenti ndiyo mstari bora kuliko yote karibu na nukta. Chukua y = x² penye 1. Tanjenti ina mteremko 2. Mimi nachora mstari wenye mteremko 2.1 kupitia nukta ileile. Penye x = 1.1 grafu ina 1.21, tanjenti inasema 1.2, na mstari wangu unasema 1.21 kamili. Nani bora?

Mleta uzi

Penye 1.1 mstari wako umeshinda, na sina pingamizi. Sogea hadi 1.01. Grafu ina 1.0201, tanjenti inasema 1.02, mstari wako unasema 1.021. Kosa langu ni 0.0001 na lako ni 0.0009. Sogea hadi 1.001: langu ni milioni moja ya kizio, lako ni kama mara 99 ya hilo. Ukiiita hatua h, kosa la tanjenti ni h², na la mstari wako, bila kujali alama, ni tofauti kati ya 0.1h na h². Kile kipande cha 0.1h hakikuachi hata ukaribie vipi, na h ikiwa ndogo ndicho kinachotawala. Mstari wowote wenye mteremko usio 2 una kipande cha namna hiyo. Kwa hiyo ubora wa tanjenti ni wa karibu kabisa na nukta, na umefanya vema kutukumbusha kwamba haukuahidiwa mahali pengine popote. Anayetaka mstari unaofaa kwa kipande kizima, tuseme kutoka 1 hadi 1.2, atafute mstari mwingine. Tanjenti haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mwanafunzi wa kidato cha sita

Mwalimu, ulisema Heron alishauri kurudia kazi ukianzia na jibu jipya. Je, njia hiyo inafaa kwa milinganyo mingine pia?

Mleta uzi

Inafaa, na ndiyo matumizi makubwa kuliko yote ya tanjenti. Mfano aliouandika Newton mwenyewe, katika maandishi ya mwaka 1669, ni x³ − 2x − 5 = 0. Anza na 2, ambapo upande wa kushoto ni −1 na mteremko, 3x² − 2, ni 10. Fuata tanjenti hadi inapokata mhimili: 2 + 1/10 = 2.1. Penye 2.1 thamani ni 0.061 na mteremko ni 11.23, kwa hiyo hatua inayofuata inatupeleka 2.1 − 0.061/11.23 = 2.094568. Jibu halisi linaanza 2.09455148. Makosa yalikuwa 0.095, kisha 0.0054, kisha 0.000017, na ukirudia mara moja tena linabaki kosa linaloanzia kwenye tarakimu ya kumi baada ya nukta. Idadi ya tarakimu sahihi inakaribia kuongezeka maradufu kila hatua, kwa sababu ileile ya mraba tuliyoiona kwenye √52. Newton aliifanya kwa kupachika na kutupa vipande vidogo; Joseph Raphson aliichapisha kwa sura nyepesi zaidi mwaka 1690, na Thomas Simpson ndiye aliyeiandika kwa vinyambuo mwaka 1740.

Lakini usiitumie ukiwa umefumba macho. Jaribu kutafuta mzizi wa kipeuo cha tatu cha x, yaani mahali ambapo funksheni hiyo ni sifuri. Jibu ni 0, kila mtu analiona. Tanjenti penye nukta yoyote x inakata mhimili penye −2x: ukianza na 0.1 unatupwa −0.2, kisha 0.4, kisha −0.8, na kila hatua inakupeleka mbali maradufu. Penye sifuri grafu ya funksheni hiyo imesimama wima, kinyambuo cha pili kinakua bila kikomo kadiri unavyoisogelea, na ile M tuliyoitegemea tangu mwanzo haipo.